Mbuta wa Kusimuliwa: Wavuvi wa Ndoano Busia na Samaki Wasiosahaulika

Katika fuo za Sio Port kule Samia na Port Victoria kule Bunyala, ni vigumu kumpata mvuvi wa ndoano asiye na hadithi ya samaki mmoja. Huenda alimpata miaka ishirini iliyopita na nyama yake ikaliwa siku hiyo hiyo, lakini samaki huyo angali hai katika mazungumzo. Kila anaposimuliwa, mikono ya msimulizi hupanuka kidogo zaidi kuonyesha urefu wake, na wenzake hucheka, kwani nao wanajua zamu yao inakuja.

Masimulizi haya ni burudani, lakini pia ni kumbukumbu ya maji yetu. Yanatueleza ni samaki gani waliokuwepo, waliopungua ni wepi, na ni wapi ambao bado tunaweza kuwaokoa. Makala haya yanaeleza samaki wanaopendwa na wavuvi wa ndoano katika Kaunti ya Busia, jinsi wanavyonaswa, na sababu ya mvuvi kutakiwa kumrudisha majini hata yule samaki mkubwa ambaye angependa kumbeba hadi nyumbani.

Mito miwili, safari mbili

Kati ya kaunti ndogo saba za Busia, ni Samia na Bunyala pekee zinazopakana na Ziwa Victoria. Hata hivyo, uvuvi wa ndoano hauishii ziwani. Vijana wa Matayos hushuka Mto Sio na ufito wao, na wale wa Teso Kaskazini huketi kwenye kingo za Mto Malaba, karibu na mpaka ambapo malori hupanga foleni.

Wengi hudhani kwamba maji ya mito hii miwili huishia mahali pamoja. Sivyo. Mto Sio, ambao kwa sehemu fulani ndio mpaka wa Kenya na Uganda, humwaga maji yake Ziwa Victoria. Mto Malaba huelekea magharibi ndani ya Uganda, ukaungana na Mto Mpologoma na kufika Ziwa Kyoga. Mwishowe maji yote hayo hukutana katika Mto Nile. Kwa hivyo anayechafua maji Malaba, au kuyatia sumu ili avue kwa haraka, huwadhuru pia majirani walio ng'ambo ya mpaka ambao hajawahi kuwaona.

Samaki wa ndoano

Anayeanza kujifunza, mara nyingi mtoto, huanza na ngege. Vifaa vyake ni ufito, mshipi, ndoano ndogo na nyungunyungu aliyechimbwa kwenye udongo wenye unyevu. Ngege huonja chambo polepole, na mvuvi mwenye papara hupandisha ndoano tupu. Hapo ndipo mtoto anapojifunza kwamba subira huvuta heri.

Kuna jambo kuhusu ngege ambalo wengi hawalijui. Jike huyabeba mayai yake mdomoni hadi yaanguliwe, na vifaranga wakitishwa hukimbilia humo humo. Katika siku hizo za malezi mama huyo hula kidogo sana au hali kabisa, hivyo ni nadra kwake kushika ndoano. Wavu haungojei samaki awe na njaa. Humkamata mama pamoja na kizazi kizima kilicho mdomoni mwake.

Mumi ni samaki wa usiku na wa maji yenye matope. Hana magamba, ana sharubu ndefu anazotumia kupapasa chakula gizani, na ana kiungo kinachomwezesha kupumua hewa. Ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha, anaweza kujiburuta kwenye nyasi zilizolowa kutoka dimbwi moja hadi jingine. Wakaazi wengi wa kingo za mito wana kisa cha mumi aliyeokotwa njiani alfajiri baada ya mvua.

Kamongo ndiye samaki wa visa vya kutisha. Ana mapafu, na lazima apande juu kuvuta hewa. Kinamasi kikikauka, anaweza kujizika kwenye tope na kungoja mvua irudi. Taya zake zina nguvu za kukata mshipi, na mvuvi asiyejihadhari anaweza kupoteza kipande cha kidole hata baada ya kumpandisha mtumbwini.

Lakini katika orodha hii yote, mfalme wa masimulizi ni mbuta. Anaweza kufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa takriban kilo 200. Akishika ndoano huvuta kwa nguvu, hutikisa kichwa na wakati mwingine huruka juu ya maji akijaribu kuitema. Mvuvi aliye peke yake kwenye mtumbwi hulazimika kumlegezea mshipi, kumfuata na kumchosha, huku mshipi ukimkata viganja. Vita hivyo ndivyo vinavyokumbukwa zaidi kuliko bei aliyouzwa. Siku hizi simu imepunguza ubishi, kwani mwenye picha hahitaji tena kupanua mikono.

Mbuta si mwenyeji wa asili wa Ziwa Victoria. Aliingizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 idadi yake ikaongezeka kwa kasi. Alileta viwanda vya minofu na soko la ng'ambo. Hata mifupa inayobaki viwandani, ile mgongo wazi, imekuwa riziki ya akina mama wanaokaanga samaki. Wakati huo huo, alichangia pakubwa kutoweka kwa aina nyingi za fulu, samaki wadogo waliokuwa wamejaa ziwani.

Funzo la ningu

Wazee wa Samia na Bunyala wakizungumzia utele wa samaki, humtaja ningu. Huyu ni samaki wa ziwani ambaye, mvua ya masika inapofurisha mito, hupanda Mto Sio na Mto Nzoia ili atage mayai kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Zamani walipanda kwa makundi makubwa. Jamii za kando ya mito ziliwanasa kwa migono iliyosukwa, zikala, zikakausha na kuweka akiba.

Nyavu za kunasa samaki kwa mashavu ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905. Baadaye zilitandazwa kwenye midomo ya mito, mahali ambapo ningu walikusanyika wakiwa na mayai tumboni, tayari kupanda. Nyavu za nailoni, imara na za bei nafuu, zilizidisha kasi katika miaka ya 1950. Kufikia mwisho wa mwongo huo, uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka. Walikamatwa kabla ya kutaga, mwaka baada ya mwaka, hadi wakakosekana wa kutaga.

Ningu hawajaisha kabisa. Bado wapo wachache mitoni, lakini wamo katika orodha ya samaki walio katika hatari ya kutoweka. Wengi wa vijana wanaovua leo hawajawahi kuwaona wakipanda kwa makundi. Kwao, ningu ni hadithi tu. Swali lililopo mbele ya kila mvuvi ni kama mbuta na ngege nao watafuata njia hiyo.

Kwa nini mbuta mkubwa arudi majini

Kenya, Uganda na Tanzania hushirikiana kusimamia uvuvi kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa mwaka 1994 na lenye makao yake makuu mjini Jinja. Kiwango kilichokubaliwa kwa mbuta ni urefu wa kati ya sentimita 50 na 85.

Sababu ya kikomo cha chini inaeleweka kwa urahisi: mbuta aliye chini ya sentimita 50 kwa kawaida bado hajazaa. Kikomo cha juu ndicho huwashangaza wengi. Kwa nini mvuvi aliyepambana na samaki wa mita moja na nusu aambiwe amwachilie?

Jibu ni kwamba wengi wa mbuta wakubwa ni majike. Jike huchelewa kukomaa kuliko dume, na kadiri anavyokua ndivyo mayai yake yanavyoongezeka. Jike mkubwa anaweza kubeba mamilioni ya mayai kwa wakati mmoja. Kumuua ni sawa na mkulima kupika mbegu alizoweka kwa msimu ujao. Samaki ambaye mvuvi angependa kumsimulia zaidi ndiye anayehitajika zaidi majini.

Hapa ndoano ina nafasi ambayo nyavu nyingi hazina. Ndoano kubwa huwaacha samaki wadogo wapite, na aliyeshikwa bado yu hai, hivyo mvuvi ana nafasi ya kuamua. Samaki aliyekaa wavuni usiku kucha mara nyingi hupandishwa akiwa amekufa, na hapo kumrudisha hakusaidii.

Njia rahisi ya kupima ni kuchora alama mbili kwenye kasia, moja ya sentimita 50 na nyingine ya 85. Anayemwachilia samaki alowanishe mikono kwanza, asimshike kwenye mashavu, amtoe ndoano kwa koleo na kumwacha aende bila kukawia. Picha inaweza kupigwa upesi. Samaki ataondoka na hadithi itabaki.

Kabla ya kutupa ndoano

Katiba ya 2010 iliweka uvuvi miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Fuo zenyewe husimamiwa na vikundi vya wavuvi na wafanyabiashara wa samaki vinavyojulikana kama BMU. Anayetaka kuvua, hata kama ni kwa kujifurahisha wikendi, aanze kwa kuuliza BMU ya ufuo husika kuhusu leseni na usajili unaohitajika, na kuhusu sehemu za mazalia zisizoruhusiwa kuvuliwa.

Mambo mengine ya kuzingatia ni haya:

Mpaka. Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, na majini hakuna nguzo za kuonyesha nchi moja inaishia wapi. Mvuvi anayemfuata mbuta anaweza kujikuta Uganda bila kujua. Abebe kitambulisho na stakabadhi zake, na aulize wenyeji mpaka uko wapi kabla ya kuondoka ufuoni.

Usalama. Kila anayepanda mtumbwi avae jaketi la kujiokoa badala ya kulikalia. Upepo wa ziwani hubadilika ghafla, hasa wakati wa mvua. Kwenye midomo ya mito na penye mafunjo, jihadhari na viboko na mamba.

Kichocho. Vijidudu vya ugonjwa huu huishi kwenye maji ya kina kifupi yenye konokono, na huingia mwilini kupitia ngozi. Anayevua akiwa amesimama majini mara kwa mara apimwe katika kituo cha afya. Ugonjwa huu una tiba.

Chambo. Badala ya kuwavua samaki wachanga ziwani ili wawe chambo cha mbuta, mvuvi anaweza kununua vifaranga vya mumi kutoka kwa wafugaji wa samaki. Hivyo mwenye kidimbwi naye hupata soko.

Sumu. Kuvua kwa sumu ni kosa la jinai, na samaki aliyeuawa hivyo ni hatari kwa mlaji. Anayeshuhudia uvuvi wa aina hiyo aripoti kwa BMU, kwa chifu au kwa afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo.

Wazee walioshuhudia ningu wakipanda Mto Sio wanazidi kupungua. Mzazi au mwalimu anayempeleka mtoto ufuoni kujifunza kutumia ndoano anaweza kumtafuta mmoja wao na kuomba asimulie, ili mtoto ajue kilichokuwemo mtoni humo kabla hajapewa ufito.