Wapiga picha wanaoacha hudi wajipunguzia faida

Kijana anayeanza biashara ya kupiga picha za harusi na kipaimara huwa na orodha yake ya mahitaji: kamera, lenzi, flashi, betri ya akiba, kadi mbili za kumbukumbu na begi. Mtaji ukibaki kidogo huongeza filta ya kulinda kioo cha lenzi, kwa kuwa muuza duka amemshauri hivyo. Hudi, yaani kile kikinga mwanga cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi, mara nyingi haimo kwenye orodha. Wengi huiona kuwa pambo la kuifanya kamera ionekane kubwa mbele ya wateja.

Mwandishi wa safu hii naye aliamini hivyo hadi ilipofika harusi ya ndugu yake huko Unguja. Picha za maharusi zilipigwa Forodhani wakati wa alasiri, bahari ikiwa nyuma yao. Kwa kuwa Forodhani inatazama magharibi, mpiga picha alikuwa amelielekea jua, ingawa jua lenyewe lilikuwa juu, nje ya picha. Picha zilipoletwa, koti jeusi la bwana harusi lilikuwa la kijivu, nyuso zimefifia kana kwamba zimefunikwa na moshi, na katika picha kadhaa duara la mwanga limekaa shavuni kwa bibi harusi. Familia ilizuia nusu ya salio. Mpiga picha alilalamika kwamba kamera ilikuwa nzuri na jua ndilo lililomponza. Kuhusu kamera alisema kweli.

Ubaya ulikuwa mbele ya lenzi. Mwanga unaopiga kioo cha mbele kutoka pembeni hautengenezi sehemu yoyote ya picha, lakini ukishaingia ndani hurukaruka kati ya vioo na kumwagika juu ya picha nzima. Kioo kisichopakwa dawa hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga katika kila uso wake. Lenzi ya Canon ya 50mm f/1.8 STM, inayopendwa sana na wenye mtaji mdogo, ina vioo 6 katika makundi 5, maana yake nyuso 10 zinazokutana na hewa. Ile ya kuvuta ya 18-55mm STM ina makundi 11, yaani nyuso 22. Ndiyo maana ugunduzi wa dawa ya kupunguza mwanga unaorudi, uliofanywa na Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss huko Ujerumani mwaka 1935, ulikuwa mkubwa sana katika biashara hii. Lakini dawa hupunguza tu, haimalizi. Hudi huuzuia mwanga huo kabla haujagusa kioo.

Watasema wengine kwamba siku hizi kompyuta hurekebisha kila kitu. Ni kweli weusi uliofifia unaweza kurudishwa kwa kiasi fulani. Lakini muda nao ni gharama, hata kama hauandikiwi risiti. Tuchukulie kazi moja ina picha 300 za nje na kila moja inahitaji dakika 2 za marekebisho. Hizo ni dakika 600, sawa na saa 10 za kazi ambayo mteja hailipii. Na lile duara la shavuni halifutiki kirahisi bila kuharibu sura ya mtu.

Sasa tutazame upande wa watengenezaji, maana hapa wanunuzi wengi hawapaoni. Canon huweka hudi ndani ya boksi la lenzi zake za daraja la juu, zile zenye herufi L, lakini lenzi zake nyingi za bei nafuu huuzwa bila hudi. Mwenye 50mm STM hana budi kuitafuta ES-68, na mwenye 18-55mm STM aitafute EW-63C. Nikon, kwa mfano, waliiuza 50mm f/1.8G ikiwa na hudi yake ya HB-47 ndani ya boksi. Kwa hiyo anayelinganisha bei za lenzi mbili aulize kwanza boksi lina nini.

Zipo hudi zilizotengenezwa na viwanda vingine kwa bei ya chini, na kwa kazi hii hakuna sababu kubwa ya kuzikataa. Ni plastiki tu, haina kioo wala umeme. Sharti ni moja: iwe ya lenzi hiyo. Hudi ndefu mno kwenye lenzi pana hutia giza kwenye pembe za picha. Zile zenye umbo la ua zimekatwa kufuata umbo la fremu, na zikikaa upande zinaharibu picha badala ya kuisaidia.

Faida ya pili ni ulinzi. Kamera ikigonga ukingo wa boti au mlango wa daladala, mara nyingi hudi ndiyo inayopasuka, na mdomo wa lenzi unabaki salama. Lenzi yenye mkwaruzo hushuka bei siku ya kuiuza. Filta nayo ina kazi yake penye mchanga na chumvi ya bahari, ila huongeza nyuso mbili zaidi mbele ya lenzi, kwa hiyo anayechagua kimoja kwanza, safu hii inamshauri achague hudi.

Lakini isitarajiwe miujiza. Jua likiwa ndani ya picha, hudi haisaidii. Kwenye lenzi ya kuvuta, hudi hukatwa kufuata upana wake mkubwa, hivyo ukivuta mbali kinga hupungua na mkono au kofia juu ya lenzi bado vinahitajika. Ukumbini usiku husaidia sana dhidi ya taa ya mpiga video anayesimama ubavuni, lakini anayetumia flashi ndogo iliyo juu ya kamera aivue, la sivyo kivuli chake cha nusu duara kitatokea chini ya picha. Na wako wanaoifunga kinyumenyume, kama inavyofungwa begini, wakaendelea kupiga hivyo hivyo. Huo ni mwavuli uliokunjwa kwapani mvua ikinyesha.

Kwa wafanyabiashara wanaotaka kuziweka dukani, hudi za skrubu, zikiwamo za mpira zinazokunjwa, huenda kwa kipimo cha milimita kilichoandikwa kwenye mdomo wa lenzi: 49 kwa 50mm STM na 58 kwa 18-55mm STM. Hizo boksi moja huhudumia lenzi za kampuni mbalimbali. Zile za kuzungusha na kubana huenda kwa jina la lenzi, na ukikosea namba, mzigo utakulalia. Mnunuzi naye aende dukani na lenzi yake mkononi, aifunge hapo hapo kabla ya kulipa.