Boksi masaa 20, chuo masaa 40: hesabu ya anayemsomesha mtu London

Kama uko Muscat, Doha au Riyadh na kila mwezi unakata kipande cha mshahara kwa ajili ya mdogo wako au mwanao anayetaka kusoma London, kuna maneno umeshaambiwa: "Nikifika nitapata kazi, mzigo utakupungukia." Na wewe uliye hapa hapa London, unayesafisha nyumba za watu au unayeshinda saiti, umeyasikia kwa ndugu anayeomba umpokee. Maneno hayo si uongo. Kazi zipo. Ila ndani yake kuna hesabu, na wengi wanaoyasema hawajawahi kuipiga.

Tuanze na sheria. Mwenye viza ya mwanafunzi anayesoma shahada, iwe ya kwanza au ya pili, kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi masaa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Anayesoma kozi ya chini ya shahada ni masaa 10. Wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na hakuna kufidia: ukifanya masaa 10 wiki hii, huruhusiwi kufanya 30 wiki ijayo. Kazi zote zinajumlishwa pamoja, mbili au tatu haijalishi. Anayepiga shifti ya usiku Jumapili ajue kwamba masaa ya baada ya saa sita usiku yanaingia kwenye wiki mpya. Hapa ndipo wanaofanya kazi za kulea wazee hujikwaa, kwa sababu shifti nyingi za huko ni za masaa 12. Mbili tu zimeshafika 24, na sheria imeshavunjwa kabla mtu hajajiona mvivu wala mwizi.

Sasa pesa. Kuanzia Aprili 2026 kima cha chini cha mshahara Uingereza ni pauni 12.71 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea. Mara masaa 20 ni pauni 254.20 kwa wiki, yaani kama pauni 1,101 kwa mwezi. Kijana wa miaka 18 hadi 20 kima chake ni pauni 10.85, na huyo anaishia kwenye pauni 940 hivi kwa mwezi. Wengi wetu tunampeleka mtoto akiwa na miaka 19, ametoka kumaliza Kidato cha Sita, halafu tunapiga hesabu kwa mshahara wa mtu mzima.

Weka pembeni yake namba ya serikali yenyewe. Tangu tarehe 11 Novemba 2025, anayeomba viza kwenda kusoma London anatakiwa kuonyesha kwamba ana pauni 1,529 za kuishi kwa kila mwezi wa masomo, hadi miezi 9. Hizo ni pauni 13,761, mbali na ada, na zinatakiwa ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Serikali inakwambia maisha ya London yanataka 1,529, na sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu kupata 1,101. Pengo ni pauni 428 kila mwezi kwa mwenye miaka 21, na karibu 590 kwa mdogo wake. Ada bado hujaigusa. Ada ya mwanafunzi kutoka nje huenda pauni elfu kumi na kitu kwa mwaka, na vyuo vingi vya London vinapita elfu ishirini. Juu yake kuna ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, inayolipwa kabla ya kuondoka nyumbani.

Wengi tunaujua mchezo wa "pesa ya kuonyesha". Zinakopwa kwa jamaa, zinakaa benki siku 28, viza ikitoka zinarudi kwa mwenyewe. Achilia mbali hatari ya kugundulika. Mtoto anatua Heathrow akiwa na karatasi inayosema ana pauni elfu kumi na tatu, na mfukoni ana za wiki mbili. Kuanzia hapo hafanyi tena kazi ya kusaidia masomo. Anafanya kazi ya kula. Mtu anayefanya kazi ya kula hawezi kumkatalia bosi anapomwongezea shifti.

Halafu kuna masaa yenyewe. Mwaka mmoja wa shahada ya kwanza ya kutwa una pointi 120, na kila pointi imekadiriwa kuwa masaa 10 ya kazi: darasani, maktaba, kuandika, kujiandaa na mtihani. Hayo ni masaa 1,200, ukiyagawa kwa wiki 30 unapata 40 kwa wiki. Shahada ya pili ina pointi 180, masaa 1,800 ndani ya mwaka mmoja. Ongeza masaa 20 ya boksi, ongeza basi na treni za London, maana chumba cha bei nafuu hakipo karibu na chuo. Ni wiki ya masaa 70. Wewe wa saiti unazijua wiki za namna hiyo, unajua zinavyomfanya mtu. Tofauti ni kwamba wewe ukirudi unalala. Yeye akirudi anafungua kitabu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza si "umepata kazi?" Muulize kazi iko wapi na ni ya saa ngapi. Kazi ndani ya chuo chenyewe, maktaba, mapokezi, kuwatembeza wageni, ni bora kuliko inayolipa zaidi kidogo ikiwa mwisho wa mji. Vyuo kadhaa vya London hulipa kiwango cha hiari kinachoitwa London Living Wage, ambacho kwa sasa ni pauni 14.80 kwa saa. Masaa 20 kwa kiwango hicho ni pauni 296 kwa wiki kabla ya makato, na nauli ya kwenda kazini haipo. Wala si jambo la jana. Jomo Kenyatta alipokuwa London miaka ya 1930 alikuwa akiwasaidia wataalamu wa fonetiki wa University College kuichambua lugha ya Kikuyu, huku akisoma anthropolojia LSE chini ya Malinowski. Alitokea pia kama mwigizaji mdogo kwenye filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935. Kitabu chake, Facing Mount Kenya, kikatoka 1938. Kwa viza ya mwanafunzi ya leo, ile ya filamu ingemletea matatizo, kwa sababu kazi ya usanii wa burudani ni miongoni mwa zilizokatazwa.

Nyingine iliyokatazwa inawahusu wasomaji wetu moja kwa moja: kujiajiri. Mwanafunzi haruhusiwi kusambaza chakula kwa baiskeli kama mtu aliyejiajiri, haruhusiwi kufungua biashara, na haruhusiwi kufanya usafi kupitia programu ya simu inayomhesabu kuwa mkandarasi. Ndugu wa saiti, sikilizeni hapa. Wengi wenu mnalipwa kwa mfumo wa CIS, ule unaokatwa asilimia 20 na unakuhesabu umejiajiri. Ukimwingiza mdogo wako mwenye viza ya mwanafunzi kwa mfumo huo, hata kwa siku moja ya kubeba matofali, hujamsaidia. Anatakiwa aajiriwe, alipwe kwa PAYE, apewe karatasi ya mshahara.

Bosi atakuja na lugha nyingine: "Masaa 20 nakuandikia, yanayozidi nakupa mkononi." Inaonekana kama ukarimu. Lakini masaa yale ya mkononi hayana ushahidi siku asipolipa, na mwanafunzi hawezi kwenda kushtaki bila kujianika mwenyewe. Kwa upande wa yale yanayoandikwa, mwajiri hupeleka taarifa ya malipo HMRC kila siku ya mshahara, hivyo kinachozidi kinaonekana. Akikamatwa anaweza kufutiwa viza na kuharibu maombi yake ya baadaye. Chuo nacho ndicho mdhamini wa viza: asipohudhuria, kinatakiwa kuripoti. Mtu aliyepewa ada na ukoo mzima anarudishwa na deni bila cheti.

Sasa kuna tofauti ambayo haielezwi vya kutosha, kati ya shahada ya kwanza na ya pili. Wakati wa likizo rasmi ya chuo, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaruhusiwa kufanya kazi kutwa. Likizo ya kiangazi inaweza kufika wiki 14. Akifanya masaa 40 kwa pauni 12.71, ni zaidi ya pauni 7,100 kabla ya kodi. Hapo ndipo akiba ya kweli inapatikana, na hapo ndipo unaweza kumwambia: mwezi huu sitatuma. Lakini wa shahada ya pili, kiangazi ni wakati wa kuandika tasnifu, na huhesabiwa kuwa bado yuko masomoni. Masaa yake yanabaki 20. Kila mwaka wapo wanaoona darasa limefungwa Juni wakadhani wako huru. Aiulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa tarehe za likizo za kozi yake, ajibiwe kwa maandishi, na barua pepe hiyo aitunze. Mwenye shahada ya pili ya kufundishwa pia haruhusiwi kuja na mke, mume au watoto kwa viza yake tangu Januari 2024, hivyo mpango wa "mke wangu atafanya kazi kutwa" umekufa.

Vitu vidogo vinavyorudisha pesa. Mapato hadi pauni 12,570 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato, lakini nafuu hiyo kwa kawaida hukaa kwenye kazi moja. Kazi ya pili ikiandikwa BR, kila pauni inakatwa asilimia 20 kuanzia ya kwanza. Mwaka wa kodi unaisha tarehe 5 Aprili. Kama alikatwa zaidi, anaidai HMRC mwenyewe bila kumlipa wakala. Akihama kazi adai P45, asipofanya hivyo huenda akakatwa kupita kiasi kule anakokwenda. Likizo yenye malipo ni haki ya mfanyakazi wa masaa machache pia, wiki 5.6 kwa mwaka kwa uwiano wa masaa yake. Nyumba wanayokaa wanafunzi wa kutwa watupu haitozwi kodi ya halmashauri. Na kama unaishi peke yako London na unapata punguzo la asilimia 25, ukimpokea mwanafunzi wa kutwa hulipotezi, ila taarifu halmashauri na upeleke barua ya chuo.

Turudi kwako unayetuma. Pengo la pauni 428 kwa mwezi ni kama pauni 5,000 kwa mwaka, na ukiwa Ghuba namba hiyo haikai mahali pamoja. Dirhamu, riyali ya Saudia, ya Qatar na ya Omani zote zimefungwa kwa dola. Pauni haijafungwa. Mwishoni mwa Septemba 2022 pauni ilishuka hadi karibu dola 1.03, na pauni 5,000 zingekugharimu kama dirhamu 19,000. Katikati ya 2025 ilipanda hadi karibu dola 1.37, na pauni zile zile zikataka dirhamu 25,000. Mshahara wako haukuongezeka hata senti. Kwa hiyo ukipokea mchezo wa upatu, au bonasi ya mwisho wa mkataba, usisubiri tarehe ya mwisho ya ada ili ubadilishe zote siku moja. Badilisha kidogo kidogo, na weka akiba ya miezi mitatu ya pengo kwa pauni kabla hajapanda ndege.

Ada ilipe moja kwa moja kwa chuo, kwa maelekezo yaliyo kwenye tovuti ya chuo na namba ya mwanafunzi, si kupitia akaunti ya kijana. Uliza awamu, vyuo vingi vinakubali. Akitokea mtu anayejitolea kukulipia ada kwa punguzo ukishamtumia pesa, kimbia. Ujanja unaojulikana ni kulipa kwa kadi iliyoibwa. Benki ikirudisha malipo, chuo kinakudai upya na yeye hayupo.

Na kama mwanafunzi ni wewe? Kuna njia ya kukaa na kazi uliyo nayo. Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikiwatahini watu wasiofika London tangu 1858. Nelson Mandela alisoma sheria kwa mfumo huo akiwa kifungoni. Leo kozi zake zinasomwa kwa intaneti ukiwa Dubai au Dar, bila viza wala pauni 1,529. Kwa aliye London na kibali kinachomruhusu kusoma na kufanya kazi, kuna Birkbeck, iliyoanzishwa 1823 kwa ajili ya mafundi na inayojulikana kwa masomo ya jioni. Ila usichanganye: mwenye viza ya mwanafunzi anayesoma kwa muda, si kutwa, haruhusiwi kufanya kazi hata saa moja.