Me gustaba: asali ilikuwa inampendeza babu

Sentensi yangu ya kwanza ndefu kwa Kihispania ilimhusu babu. Jioni ile kikundi chetu cha lugha pale hosteli (tuko saba, simu moja yenye spika nzuri, na chapati za mtu ambaye bumu lake lilikuwa limeingia) kilipewa zoezi: andika kuhusu mtu wa nyumbani na vitu alivyokuwa anavipenda. Mimi kwetu ni Ugalla, upande wa Mpanda, nchi ya miombo na mizinga ya nyuki. Babu, marehemu sasa, alikuwa mrina asali. Nikaandika: "Mi abuelo gustaba la miel."

Dada anayetuongoza akaguna. Kumbe nimevunja sentensi kiunoni kabisa.

Kosa lenyewe nalijua lilikotoka. Vitabu tunavyosomea Kihispania vimeandikwa kwa Kiingereza, na humo "gustar" imetafsiriwa kama kupenda. Basi unamweka babu mwanzoni kama mtenda na asali mwishoni kama mtendwa. Lakini "gustar" haifanyi kazi ya kupenda, inafanya kazi ya kupendeza! Na sisi neno hilo tunalo tangu utotoni. Ukisema "asali inanipendeza", mtenda ni asali. Wewe umejibanza ndani ya kitenzi kama "-ni-". Kihispania ni hivyohivyo: "me gusta la miel". "Me" ni "-ni-" yetu, "te" ni "-ku-", "le" ni "-m-", "nos" ni "-tu-", "les" ni "-wa-". Wao wanaiandika mbali na kitenzi, sisi tunaishona ndani. Basi.

Ukitaka wakati uliopita wa mazoea, unaondoa "-ar" na kuweka "-aba". "Me gustaba la miel": asali ilikuwa inanipendeza. Vikiwa vitu vingi, kitenzi kinavifuata: "me gustaban los mangos", maembe yalikuwa yananipendeza. Hapa wengi tunateleza kwa kuandika "gustaba" kila mahali, kisa anayependa ni mmoja. Anayependa hahesabiwi, kinachohesabiwa ni kile kinachopendeza. Mtu aliyekua na ngeli hapaswi kusumbuka hapa, maana Kihispania kwenye kitenzi hiki kinauliza kimoja au vingi tu, wakati sisi tuna i-, ya-, ki-, vi-, u- na ndugu zao wote. Kikija kitenzi badala ya kitu, kinahesabiwa kimoja: "me gustaba caminar con él", kutembea naye kulikuwa kunanipendeza. Ni ile "ku-" yetu.

Pagumu kweli ni kuchagua kati ya "gustaba" na "gustó". Kiswahili chetu cha kila siku kinaacha "-li-" ibebe mizigo yote miwili: "safari ilinipendeza" na "utotoni nilipenda treni". Kihispania hakikubali. Ukishuka treni ya Tabora pale Mpanda ukatoa hukumu yako, ni "el viaje me gustó", safari imekwisha na umeipima. Ukikumbuka miaka ile ulivyokuwa unaipenda treni yenyewe, ni "me gustaba el tren". Dawa yangu: najisemea kimoyomoyo "ilikuwa inanipendeza". Ikikaa vizuri, naweka "-aba". Ikigoma, naweka "-ó". Halafu "gustaba" peke yake haisemi kwamba kupenda kumekwisha. Pengine bado, sentensi nyingine ndo itasema.

Tahadhari moja kwa wenye haraka: ukisema "me gustaba la profesora", watu wataelewa ulikuwa unamtamani mwalimu. Ukitaka kusema ulikuwa unaelewana naye tu, sema "me caía bien".

Turudi kwa babu. Sentensi iliyonyooka ni "A mi abuelo le gustaba la miel". Wenzangu wakalalamika: babu ametajwa, "le" ya nini tena? Nikawauliza, ninyi mnasema "nilimwona babu" au "niliona babu"? Wakanyamaza. Hiyo "-m-" tunayoiweka hata kama babu yupo palepale kwenye sentensi, ndiyo "le" yao.

Nikampigia bibi nimsomee, kwa Kiswahili. "Asali ilikuwa inampendeza babu."

"Asali gani?" akauliza. "Babu yako asali ya nyuki wakubwa alikuwa anauza. Aliyokuwa anaificha chini ya kitanda ni ya nyuki wadogo. Andika vizuri, mjukuu wangu."

Nikaandika upya: "A mi abuelo le gustaba la miel de las abejas pequeñas." Jirani yangu akataka niweke "gustaban", kwa kuwa nyuki ni wengi. Nikakataa. Nyuki ni wengi, sawa, ila kilichokuwa kinampendeza babu ni asali.