Joto na Majirani Zake

Julai 2022 ilinikuta na miezi mitano kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Leicester, Uingereza. Alasiri moja bibi mmoja, mwalimu mstaafu, aliniambia: “It’s close in here.” Nilishika neno moja, “close”, ambalo nimelijua tangu shule ya msingi kule Tanga kwa maana ya kufunga. Nikaenda nikafunga dirisha. Niliporudi nikamkuta amefumba macho, jasho linamtiririka shingoni, mkono ameunyoosha kuelekea dirishani.

Hakunigombeza. Alinieleza taratibu kwamba “close” yake inaishia kwa sauti ya “s”, si ya “z”, na maana yake si kufunga. Waingereza hulitumia neno hilo hewa inapokuwa na unyevu na imetulia tuli hadi unakosa pumzi. Nikaelewa papo hapo, kwa sababu hali hiyo nimezaliwa nayo. Ni fukuto.

Siku zile hazikuwa za kawaida. Tarehe 19 Julai, kituo cha Coningsby, huko Lincolnshire, kilipima nyuzijoto 40.3, na siku hiyo ndiyo Uingereza ilipovuka 40 kwa mara ya kwanza. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa tahadhari nyekundu ya joto, ambayo haikuwahi kutolewa kabla. Mimi mtoto wa Tanga nilidhani joto nalijua. Lakini kwetu nyumba hujengwa ili upepo upite. Kule hujengwa ili joto lisitoke. Feni ya darini hakuna, na madirisha ya nyumba ile yalifunguka kiasi cha kiganja. Wazee walilalamika kutwa, nami katika malalamiko yao nikajifunza Kiingereza ambacho kamusi haikunifundisha.

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba maneno hayaishi peke yake. Kila neno lina majirani zake. Sisi husema “jua kali”, na ukali huohuo tunaupa kisu, mbwa, dawa na mzazi. Mgeni akisema “jua gumu” tutamwelewa, ila tutajua ni mgeni. Mvua yetu ni kubwa. Ya Mwingereza ni nzito, “heavy rain”. Na joto kali, katika taarifa zao za hali ya hewa, ni “intense heat” au “extreme heat”. Nilipokuwa nikisema “strong heat” walinielewa, lakini mwenye lugha hasemi hivyo.

Mazungumzo yao ya kawaida kuhusu joto yametoka jikoni. Babu aliyekuwa chumba cha mwisho alisema anachemka: “I’m boiling.” Jirani yake alisema anaokwa kama mkate: “I’m baking.” Wa tatu alikuwa anabanikwa: “I’m roasting.” Jua lenyewe likawa “scorching”, neno la kitambaa kilichoungua kwa pasi. Hapo tunakutana nao, maana hata letu huchoma na kuunguza. Joto kavu, lile la Dodoma, ni “dry heat”. Joto la kumlegeza mtu viungo ni “sweltering”, neno ambalo asili yake katika Kiingereza cha kale ni kufa. Tangu nilijue hilo, mzee akilitamka huwa naenda kumwangalia.

Yapo maneno yasiyohama mtaa. “Piping hot” husemwa kwa chakula na kinywaji, kwa chai au supu inayofuka mvuke. Limetokana na mlio kama wa filimbi unaotoka kwenye kitu kilichoepuliwa sasa hivi, na mshairi wa Kiingereza Chaucer aliliandika zaidi ya miaka 600 iliyopita. Siku ya jua haiwezi kuwa “piping hot”. Mchuzi nao una mtego wake. “Hot” ni wa moto, na “hot” ni wenye pilipili. Kiswahili kimetenganisha: huu wa moto, ule mkali. Jikoni kazini ilibidi niulize kila mara mzee anamaanisha upi.

Uvuguvugu ulinishangaza zaidi. Maji ya vuguvugu ni “lukewarm”, na makaribisho “lukewarm” ni yale yasiyo na moyo. Lakini sisi husema pia vuguvugu la kudai uhuru. Vuguvugu letu hilo liko njiani kuchemka. La Mwingereza liko njiani kupoa.

Penye hatari hasa ni kwenye mwili. Sisi tunalisikia joto, au tunaliona. Mwingereza yeye husema “I’m hot”, kana kwamba joto ni yeye mwenyewe. Usiseme “I’m on heat”, kwani hayo ni maneno ya jike la mnyama linapotaka dume. Na mzee akikwambia “I’ve got a temperature”, usimjibu kwamba kila mtu ana joto la mwili. Anakwambia ana homa, kachukue kipimo.

Kisha kuna jozi mbili ambazo ningependa kila Mswahili anayefanya kazi hii azijue kabla ya nyingine zote. “Heat exhaustion” ni mwili kuzidiwa na joto: kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, jasho jingi. Mpeleke mgonjwa penye ubaridi, mnyweshe maji, mpooze ngozi. Anatakiwa kupata nafuu ndani ya dakika 30. “Heatstroke” ni dharura. Mwili unawaka, mtu anachanganyikiwa au kupoteza fahamu. Hapo unapiga 999 bila kusubiri. Neno “stroke” humpeleka msikilizaji kwenye kiharusi, akaanza kutafuta mdomo uliopinda na mkono uliolegea. Hicho si kiharusi. Ni pigo la joto, na linaua.

Bado ninalo daftari nililolianza wiki ile. Siandiki humo neno moja moja. Naandika neno na jirani yake, na pembeni jina la kitu nilichokiona liliposemwa: supu, pasi, shingo yenye jasho. Mwaka uliofuata alikuja dada mmoja kutoka Mombasa, mgeni kazini kama nilivyokuwa mimi. Nilimpa daftari siku ya kwanza, nikamwambia, “Mdogo wangu, anza na ukurasa huu.” Juu kabisa palikuwa na “close”, na mbele yake nilikuwa nimeandika: fungua dirisha.