Kupigwa Kawaida

Muulize mtu mzima wa Chanzuru, wilayani Kilosa, kama alipigwa utotoni. Mara nyingi jibu litakuja hata hajakaa vizuri: kawaida. Nilipigwa kawaida, kama watoto wengine. Wengi wakisema hivyo wanamaanisha hivyo hasa, fimbo ya mwalimu kwa kuchelewa namba, kofi la baba kwa kupoteza mbuzi, yakapita. Lakini wapo ambao neno hilo kwao ni mlango uliofungwa kwa komeo. Hao ndio wanaokuja zahanati wakiwa na miaka thelathini au arobaini, kichwa kinauma, mgongo unauma, usingizi unakatika saa nane za usiku haurudi tena. Wanapimwa malaria, hakuna malaria. Wanapewa panadol. Mwezi unaofuata wako kwenye benchi lilelile.

Hospitalini ugonjwa huu una jina, sonona. Nyumbani watu husema ana mawazo, anawaza sana, moyo wake mzito. Dodoso linalotumika sana duniani kuupima lina maswali tisa, limetafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Tanzania na Kenya. Mwaka 2008 watafiti wa Muhimbili, akiwamo Profesa Sylvia Kaaya, walichapisha dodoso lingine la maswali 19 lililojengwa kwa dalili na lugha ya watu wa hapa. Ni kazi njema, na ningependa kuziona karatasi hizo kwenye kila zahanati ya Kilosa. Ila yale maswali tisa yanauliza juu ya wiki mbili zilizopita tu: umelalaje, umekulaje, umewahi kuona heri ungekufa. Mtu amebeba miaka, karatasi inamuuliza wiki mbili.

Jinsi dunia ya udaktari ilivyokuja kuuliza juu ya miaka hiyo ni kisa cha kuteleza ulimi. Katikati ya miaka ya 1980, San Diego nchini Marekani, daktari Vincent Felitti alikuwa na kliniki ya kupunguza unene, na jambo moja likamsumbua: waliokuwa wakifanikiwa kupungua ndio waliokuwa wakiacha kuja. Akaanza kuwahoji mmoja mmoja. Siku moja alitaka kumuuliza mama mmoja alikuwa na umri gani alipoanza kujamiiana. Kwa uchovu akamuuliza alikuwa na uzito gani. Mama akajibu ratili arobaini, yaani kama kilo 18. Huo ni uzito wa mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza. Kisha akasema aliyemfanyia ni baba yake.

Felitti akaungana na Robert Anda wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, na mwaka 1998 wakachapisha majibu ya watu zaidi ya 9,000. Utafiti wote ulikuja kufikisha zaidi ya 17,000. Kadiri aina za madhila ya utotoni zilivyoongezeka, ndivyo sonona, ulevi na kujaribu kujiua vilivyoongezeka ukubwani. Waliopitia aina nne au zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya mambo hayo, mara 4 hadi 12, kuliko wasiopitia hata moja. Mtoto anayeishi kwa hofu mwili wake hukaa tayari kukimbia mchana na usiku, na mwili uliofundishwa hivyo ukiwa mdogo hausahau kwa urahisi hata hatari ikiondoka. Tusikosee lakini: wengi waliopita humo hawakuugua. Mara nyingi katika maisha yao alikuwapo mtu mzima mmoja asiyeyumba.

Sisi wenyewe hatukosi takwimu. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, wa wasichana na wavulana pia, ukisimamiwa na Serikali, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, UNICEF na CDC. Waliohojiwa walikuwa na miaka 13 hadi 24. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume, walipata kipigo. Wahojiwa wale leo ni wazazi. Ndio wanaokaa kwenye mabenchi ya zahanati zetu.

Na hiyo robo tatu ndiyo inayonirudisha kwenye neno kawaida. Kwenye nchi ambayo watu wengi kiasi hicho walichapwa, swali la "ulipigwa?" halichuji kitu. Kanuni za shule zenyewe zinaruhusu viboko, visizidi vinne, kwa amri ya mwalimu mkuu. Atakayesema alihesabiwa vinne kila mara asimame nimwone. Kwa hiyo anayeuliza lazima aingie ndani ya neno lenyewe. Pale nyumbani mlikuwa mnachapwa wote, au wewe peke yako? Uliwahi kuumizwa ukashindwa kwenda shule? Kulikuwa na mtu ambaye akirudi jioni, nyinyi watoto mnanyamaza? Majibu ya maswali hayo hayafanani na jibu la kwanza hata kidogo. Mtoto wa kufikia aliyechapwa peke yake huku wenzake wakitazama, kilichomuumiza zaidi ya fimbo ni kule kutengwa.

Shirika la Afya Duniani nalo lina dodoso lake la kimataifa juu ya miaka 18 ya kwanza ya maisha. Linauliza juu ya mlevi ndani ya nyumba, mzazi aliyefariki, njaa iliyosababishwa na mtu mwenye chakula, kutopelekwa shule wakati shule ipo. Linauliza pia juu ya fujo za makundi: kama nyumba yenu ilibomolewa makusudi, kama mlilazimika kuhama, kama ndugu aliuawa. Nilipofika sehemu hiyo niliifikiria Kilosa.

Tarehe 8 Desemba 2000, kijijini Rudewa Mbuyuni katika wilaya hiihii, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Miaka minane baadaye damu ikamwagika tena wilayani. Mwanzoni mwa 2009 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo, na watoto wa wafugaji wakashuhudia ng'ombe wa nyumbani kwao, ambao ndio chakula, karo na heshima ya baba, wakiswagwa wasirudi. Mwaka huo haujaisha vizuri, Mto Mkondoa ukafurika, Desemba 2009 na Januari 2010, ukachukua nyumba na kukata reli ya kati. Maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Aliyekuwa na miaka minane mwaka 2000 sasa ni mzazi. Aliyelala kwenye hema akiwa darasa la tatu sasa analima, ana mke, huenda analala vibaya. Mafuriko, dodoso lile la kimataifa haliyaulizi. Ukilishusha Kilosa kama lilivyo, mtu atajibu "hapana" mfululizo ukurasa mzima, na usiku ule wa maji utabaki kwake.

Kuna makosa ya upande wa pili pia. Kulelewa na bibi, katika madodoso mengi ya wageni, kunasomeka kama upungufu, mzazi hayupo. Kwa Wakaguru na Waluguru, ambao ukoo wao huhesabiwa kwa mama na mjomba ana sauti nzito, mtoto kukulia kwa bibi au kwa mjomba kunaweza kuwa ndiyo bahati yake. Kinyume chake, binti aliyetolewa kijijini akiwa na miaka kumi na moja "akasome mjini kwa shangazi", akafika akapewa ndoo, fagio na mtoto wa kubeba mgongoni, kwenye karatasi ataonekana aliishi na ndugu. Hakuna mahali pa kuweka alama.

Halafu kuna jambo la nani anauliza. Tumfikirie muuguzi wa miaka 25 na mama wa miaka 55. Muuguzi ameanza na shikamoo, kama alivyofundishwa. Sasa amuulize kama baba yake aliwahi kumshika vibaya? Chumba ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia, na nyuma ya pazia kuna foleni. Katika foleni yumo wifi. Muuguzi mwenyewe huenda amepanga nyumba ya binamu wa huyo mama. Anayesema watu wetu ni wasiri aketi kwanza kwenye chumba hicho. Nami simlaumu muuguzi ambaye haulizi. Kuuliza jambo zito kisha kumwacha mtu nalo, kwa sababu wagonjwa wengine arobaini wanasubiri, ni kumjeruhi mara ya pili. Hata Robert Anda, mmoja wa walioanzisha ile hesabu ya aina za madhila ya utotoni, mwaka 2020 aliandika na wenzake kuonya kwamba alama za hesabu hiyo zilikusudiwa kupima hali ya umma, wala hazifai kumpima mgonjwa mmoja mmoja na kumwamulia hatari yake.

Wapo wanaouliza kama kumbukumbu za mtu mwenye sonona zinaaminika. Ni swali la haki, maana moyo uliozama huona giza hata nyuma. Uchambuzi wa tafiti 16 uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu ambao mateso yao yalirekodiwa wangali watoto hawakuyataja walipoulizwa ukubwani, na kati ya waliotaja wengi hawakuwa na rekodi. Kwa hakimu hilo ni tatizo kubwa. Kwa mganga ni dogo zaidi, kwa sababu kazi yake ni mzigo ambao mtu anaubeba leo. Mwaka uliofuata Andrea Danese na Cathy Widom walionyesha jambo linaloshabihiana na hilo: waliosimulia mateso ndio waliokuwa na magonjwa ya akili zaidi, hata pale ambapo mahakama haikuwa na rekodi. Ningemshauri mhudumu asikilize, asimbishie, kisha akirejee kisa hicho mgonjwa akishapata nafuu. Pale tu aliyetenda akiwa bado anaishi na watoto wengine ndipo mambo yanabadilika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa aifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa, na kwa mambo hayo kuna ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, na simu namba 116.

Nani basi aulize? Jamii zetu zina jibu la zamani. Mambo ya ndani huulizwa na bibi, ambaye ana utani na mjukuu wake, au shangazi, au kungwi aliyemcheza binti. Hao wana ruhusa. Zimbabwe ilianza na hapo: mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi 14 wa Mbare, mtaa wa Harare, wakae kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kuzungumza na wenye "kuwaza sana" kwa maneno ya Kishona. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalithibitisha kwamba wagonjwa wao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Chanzuru haikosi akina bibi, haikosi miembe wala mbao. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Ninachokitamani ni wachache kati yao, wenye mvi, wafundishwe kuuliza na, zaidi ya hapo, kunyamaza.

Namfikiria mama mmoja wa makamo ameketi kwenye benchi kama hilo, pembeni mwa zahanati, mbali na foleni. Ameulizwa ile "ulipigwa?" naye amejibu kawaida. Bibi hakuandika kitu. Amemuuliza tu, mwanangu, ulipokuwa mdogo ukilia, nani alikuwa anakuja? Mama ameangalia chini muda mrefu. Wimbo wa watoto wa shule umepita barabarani ukaisha. Hajasema neno, ila hajainuka. Bibi amechukua kadi, ameandika tarehe ya kurudi, Alhamisi, siku ambayo foleni huwa fupi, akamwambia, nitakuwa hapahapa.