Kisukari na viungo vya mwili (2): Figo huumia kabla ya kulalamika

Wiki iliyopita safu hii ilieleza jinsi sukari nyingi katika damu inavyochakaza mishipa midogo ya macho. Mishipa ya namna hiyo imejaa pia ndani ya figo, na huko uharibifu huenda kimya zaidi. Mgonjwa anakula, anafanya kazi, anakojoa kama siku zote. Miguu ikianza kuvimba na kichefuchefu kikimkosesha chakula, mara nyingi sehemu kubwa ya uwezo wa figo imekwisha kupotea.

Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja. Figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, na karibu yote hurudishwa mwilini. Albumini, protini kuu ya damu, haipaswi kupita humo ila kwa kiasi kidogo sana. Lakini sukari ikikaa juu kwa miaka, hasa ikiandamana na presha, kuta za vichujio hivyo huharibika na albumini huanza kuvujia kwenye mkojo.

Mwaka 1963 Harry Keen na mwenzake Chlouverakis, huko London, walichapisha njia ya kupima albumini hata ikiwa kidogo mno. Thamani ya kipimo hicho ilidhihirika baadaye. Mwaka 1984 Carl Erik Mogensen wa Denmark alionyesha kwamba watu wenye kisukari cha ukubwani waliovujisha kiasi hicho kidogo ndio waliokuwa katika hatari kubwa ya kuvujisha protini nyingi baadaye, na ya kufa mapema.

Hapa ndipo wengi hupotea. Kijiti cha kawaida cha kuchovya kwenye mkojo hakiaminiki albumini ikiwa chini ya miligramu 300 hivi kwa lita. Mgonjwa huambiwa "hakuna protini" akarudi nyumbani ametulia, ilhali kuvuja kumeanza. Kinachotakiwa ni maabara kulinganisha albumini na kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, katika mkojo huohuo. Chini ya miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ni kawaida. Kati ya 30 na 300 ni onyo. Zaidi ya hapo uharibifu umepiga hatua. Jibu moja la juu halitoshi kumhukumu mtu, kwa sababu homa, maambukizi ya njia ya mkojo au mazoezi makali huweza kulipandisha. Kipimo hurudiwa, na mawili kati ya matatu yakiwa juu ndani ya miezi mitatu hadi sita, ndipo tatizo huthibitishwa.

Mkojo peke yake hautoshi, kwa kuwa wapo ambao figo zao hudhoofika bila kuvujisha albumini. Hao hugunduliwa kwa kreatinini ya damu, nayo ina mtego wake: bibi mwembamba mwenye misuli kidogo anaweza kupata namba inayoonekana nzuri huku figo zake zikiwa zimechoka. Kwa hiyo namba hiyo hukokotolewa pamoja na umri na jinsia ili kupata kasi ya kuchuja. Kasi ikibaki chini ya mililita 60 kwa dakika kwa zaidi ya miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa figo.

Mwenye kisukari cha aina ya pili hupimwa siku anayogunduliwa, kisha kila mwaka. Hakuna sababu ya kungoja, kwani huenda ameishi na sukari ya juu kwa miaka bila kujua.

Na kugundua mapema kuna faida. Kushusha presha na sukari hupunguza kasi ya uharibifu. Mwaka 2001 utafiti wa losartani ulionyesha kwamba dawa hiyo ya presha huchelewesha figo kufeli kwa wenye kisukari cha aina ya pili, ingawa haifai kwa mjamzito. Utafiti wa kanagliflozini, dawa inayotoa sukari kupitia mkojo, uliochapishwa mwaka 2019, ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu faida yake kwa figo ilikuwa wazi. Kinyume chake, dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua dukani na kuzimeza kiholela, huzidisha mzigo wa figo.

Ewe msomaji mwenye kisukari, katika kliniki yako ijayo uliza mambo mawili: albumini ya mkojo wako ni kiasi gani, na figo zako zinachuja kwa kasi gani. Majibu yaandikwe kwenye daftari lako pamoja na tarehe, ili mwakani daktari awe na cha kulinganisha.