Genge Linalolisha Ufukwe

Anayeingia Grant Park, mjini South Milwaukee katika jimbo la Wisconsin, Marekani, hulikuta Ziwa Michigan chini kabisa, nyuma ya msitu. Njia ya Seven Bridges hushuka korongoni kwa madaraja na ngazi za mawe hadi ufukweni. Kazi kubwa ya mawe hayo ni ya miaka ya 1930, mikono ya vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango ulioanzishwa mwaka 1933, enzi za Rais Franklin Roosevelt, kuwapatia vijana ajira. Wageni wengi huuona msitu, genge na ufukwe kuwa vivutio vitatu. Mimi nasema ni kitu kimoja, na anayelielewa hilo atafuata njia iliyowekwa bila kinyongo.

Genge hili ni udongo, si mwamba. Barafu kuu ya zama za kale ilipoyeyuka, iliacha matabaka ya udongo wa mfinyanzi, mchanga na kokoto. Maji ya mvua hupenya kwenye mchanga, yakigonga udongo wa mfinyanzi hukwama na kutafuta pa kutokea; ndiyo maana katikati ya genge kavu utaona mstari wa udongo uliolowa na majani mabichi. Hapo ndipo linapolegea. Chini, mawimbi hulila kitako. Januari 2013 ziwa lilishuka kuliko wakati wowote tangu vipimo vianze. Kufikia mwaka 2020 lilikuwa limepanda karibu mita 2. Maji yakipanda hivyo, ufukwe humezwa na mawimbi huligonga genge lenyewe. Linapomeguka, udongo wa mfinyanzi huchukuliwa mbali ziwani, mchanga na kokoto husambazwa kando ya ufukwe. Mchanga tunaoukanyaga ulitoka huko juu.

Kwa nini basi lisijengewe ukuta? Ukuta huokoa kipande kimoja, lakini huwanyima mchanga majirani, na wimbi linalorudi nyuma hukwangua ufukwe uliopo mbele yake. Penye nyumba za watu huenda hakuna budi. Hifadhini, ambako njia inaweza kusogezwa nyuma, ni hasara. Wengine hutegemea miti. Kweli, mizizi hushika udongo wa juu na kunyonya maji, ila haifiki kitakoni ambako wimbi linachimba. Wapo pia wanaolalamika kwamba ngazi zikifungwa, wazee na walemavu ndio wanaoumia kwanza. Malalamiko hayo ni ya haki, na dawa yake ni njia chache zilizo imara, zinazokarabatiwa kwa wakati, pamoja na sehemu salama za kulitazama ziwa kutoka juu. Njia za mkato haziwasaidii hao. Kila moja huua majani na kugeuka mfereji mvua inaponyesha. Basi mgeni asisimame ukingoni, asiketi chini ya udongo uliotoka kuporomoka, na akikuta njia imefungwa, aidai serikali ya eneo hilo matengenezo badala ya kuuruka uzio.